Usome Mkojo Wako Kabla Hujaumwaga

Ukifika zahanati ukiwa na homa, maumivu ya tumbo au ujauzito, mara nyingi unakabidhiwa kikopo chenye mfuniko na kuelekezwa chooni. Wengi hukijaza huku wakitazama pembeni, wakakificha kiganjani ili waliopo kwenye foleni wasikione, wakakipitisha dirishani na kurudi kukaa kwenye benchi. Dakika chache baadaye mtaalamu wa maabara anajua mambo ambayo mwenye mkojo alikuwa nayo mkononi muda wote.

Figo zako mbili huchuja takriban lita 180 za majimaji ya damu kila siku. Karibu yote hurudishwa mwilini. Kinachobaki, lita 1 hadi 2, ndicho mkojo: maji ya ziada, chumvi, urea, kreatinini, na rangi ya njano inayotokana na chembe nyekundu za damu zilizochakaa. Kwa mtu mzima wa afya, rangi hiyo hutoka kwa kiasi kinachokaribiana siku hadi siku. Kinachobadilika ni maji. Yakiwa mengi, mkojo hupauka, yakipungua, hukolea.

Wengi wanajua hivyo na kuishia hapo, na hapo ndipo wanapokosea. Rangi hueleza vizuri habari za maji, lakini kuhusu figo ni shahidi dhaifu. Mtu anaweza kukojoa mkojo mweupe pe huku figo zake zinakwisha kimyakimya. Anayetaka habari za figo aangalie pia damu, povu na kiasi, kisha amalizie kwa vipimo vichache vya hospitali. Twende hatua kwa hatua.

Kwanza, uuone vizuri

Kwenye choo cha shimo huoni kitu. Kwenye choo cha kukalia, mkojo huchanganyika na maji ya bakuli ukaonekana mwepesi kuliko ulivyo, na ile dawa ya bluu ya kusafishia choo huugeuza kijani. Kwa hiyo mara mojamoja, hasa unapohisi mwili hauko sawa, fanya hivi:

1. Tafuta chombo kisicho na rangi kinachopitisha mwanga. Chupa ya maji ya plastiki iliyokatwa shingo inatosha. Isuuze vizuri kwa maji, kwa sababu mabaki ya sabuni hutoa povu litakalokutia hofu bure.

2. Achia mkojo wa mwanzo uende chooni, kinga wa katikati, wa mwisho umalizie chooni. Mwanamke ajisafishe kwanza kwa maji, kutoka mbele kwenda nyuma, na asipime akiwa kwenye hedhi.

3. Weka chombo mbele ya karatasi nyeupe, kwenye mwanga wa mchana. Taa ya njano ya bafuni huufanya kila mkojo uonekane umekolea.

4. Kisha weka ukurasa wa gazeti nyuma ya chombo. Mkojo wa kawaida ni angavu, maandishi husomeka. Ukiwa na ukungu kiasi cha kuyaficha, hilo nalo ni la kuandika pembeni.

5. Usihukumu kwa mkojo wa alfajiri peke yake. Usiku hunywi maji, na ubongo hutoa homoni ya vasopresini inayoziagiza figo zibane maji yaliyopo. Ndiyo maana mkojo wa kuamkia hukolea hata kwa mtu mzima wa afya. Kwa habari za maji, angalia wa mchana au wa alasiri.

Rangi na maji ya mwili

Mwaka 1994, Lawrence Armstrong na wenzake wa Chuo Kikuu cha Connecticut, Marekani, walichapisha chati ya rangi 8 za mkojo baada ya kulinganisha rangi hizo na vipimo vya maabara. Iliwapa wanamichezo njia ya kujipima bila mashine. Nyumbani huhitaji rangi zote 8. Daraja nne zinatosha.

*Njano iliyopauka*, ya maji yaliyotiwa limau: maji yanatosha. Endelea ulivyo.

*Njano kamili, angavu*: bado uko salama, lakini akiba inapungua. Kunywa glasi moja au mbili ndani ya saa hiyo.

*Rangi ya asali*: mwili umekauka. Utakuta pia mdomo mkavu, kichwa kizito na haja ndogo inayokuja mara chache, tena kidogo kidogo. Kunywa taratibu, glasi baada ya glasi, na utazame mkojo wa mara mbili zinazofuata. Ukipauka, shauri limeisha. Usipopauka ingawa umekunywa vya kutosha, tatizo huenda si maji.

*Mweupe kama maji, kutwa nzima*: ama unakunywa kupita mahitaji, ama kuna jambo jingine tutakalolijia huko mbele.

Watu huuliza glasi ngapi kwa siku. Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya hukadiria lita 2 kwa mwanamke na lita 2.5 kwa mwanamume, na hesabu hiyo inajumlisha kila kitu: chai, uji, mchuzi, maziwa, tikiti maji, machungwa. Ni makadirio ya hali ya hewa ya wastani. Anayefanya kazi nzito juani anaweza kutoka jasho la lita nzima kwa saa moja, hivyo saidia fundi wa Dar es Salaam mwezi wa pili, dereva wa bodaboda wa Mombasa au mama lishe aliyeinamia jiko tangu alfajiri hawezi kutumia hesabu ya mtu aliyekaa ofisini. Kwao rangi ni kipimo bora kuliko idadi ya glasi.

Jambo hili si dogo. Huko El Salvador na Nicaragua, maelfu ya wakata miwa wamepata ugonjwa sugu wa figo bila kuwa na kisukari wala presha, wengi wao vijana. Wanasayansi bado wanachunguza chanzo, lakini kazi ngumu kwenye joto kali na mwili kukauka maji kila siku ni miongoni mwa sababu zinazonyooshewa kidole zaidi. Anayefanya kazi juani anywe kabla kiu haijamshika, na apumzike kivulini kila anapoweza.

Kuna pia wanaojinyima maji kwa makusudi. Mfanyabiashara wa sokoni, mwanafunzi wa kike, abiria wa basi la masafa marefu: hawanywi kwa sababu choo ni kichafu, kiko mbali au hakipo. Kama huwezi kukibadili choo, badili ratiba. Kunywa vya kutosha unapoamka, nenda haja kabla ya kutoka, kunywa kidogo kidogo mchana, kisha fidia jioni mapema. Na haja ikija usiibane kwa saa nyingi, kwani mkojo uliokaa sana kibofuni huwapa bakteria nafasi ya kuzaliana.

Wakati wa Ramadhani, mkojo uliokolea jioni ni jambo la kutarajiwa. Muhimu ni kuyagawa maji kati ya futari na daku badala ya kuyamimina yote kwa mkupuo kabla ya alfajiri. Ukinywa kwa mkupuo, mengi utayakojoa ndani ya saa chache. Mwenye kisukari, ugonjwa wa figo au aliyewahi kupata mawe ya figo azungumze na daktari kabla mwezi haujaandama.

Kunywa kupita kiasi nako kuna madhara. Mtu akijilazimisha lita nyingi kwa muda mfupi, chumvi ya damu hushuka. Wapo wakimbiaji wa marathoni waliozimia, na wengine kufa, kwa sababu hiyo. Na mgonjwa wa moyo au wa figo aliyepangiwa kiasi cha maji na daktari wake afuate kiasi hicho, asifuate makala.

Mtu akiharisha au kutapika, maji matupu hayatoshi, kwa kuwa chumvi nayo imetoka. Tumia pakiti ya ORS kama ilivyoandikwa. Ukiikosa, lita 1 ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu, vitakusogeza mpaka uifikie. Usizidishe chumvi.

Rangi zinazotoka kwenye sahani na kwenye vidonge

Kabla ya kushtuka, jiulize umekula nini na umemeza nini tangu jana. Vidonge vya vitamini B hutoa njano kali inayong'aa. Bitiruti, iwe saladi au juisi, huweza kutoa wekundu au uwaridi. Metronidazoli na nitrofurantoini huweza kuufanya mkojo kuwa wa kahawia.

Dawa inayoleta mshtuko mkubwa ni rifampisini ya kifua kikuu. Hugeuza mkojo, jasho na hata machozi kuwa rangi ya chungwa au nyekundu. Rangi hiyo haina madhara, na itaendelea kwa muda wote wa matibabu. Mgonjwa wa TB asiache dawa hata siku moja kwa sababu ya rangi hiyo. Anayemuuguza naye ajue mapema, asije akamshauri vibaya.

Kanuni ni rahisi: rangi ya chakula huondoka ndani ya siku moja au mbili, na ya dawa huondoka dozi ikiisha. Inayobaki bila sababu unayoijua ipelekwe hospitali.

Rangi zinazotaka daktari

*Chai ya rangi iliyokolea, au kola.* Ikiwa macho yamekuwa ya manjano na kinyesi kimepauka, shuku ini au njia ya nyongo. Ikiwa mtu ana homa kali ya malaria na mkojo ukageuka mweusi, chembe nyekundu za damu zinapasuka kwa wingi na figo ziko hatarini. Hiyo ni dharura, hata kama ni usiku wa manane. Rangi hiyo ikija baada ya kazi au mazoezi makali yasiyozoeleka, misuli ikiuma na kuvimba, huenda misuli imeharibika na mabaki yake yanaziba figo. Na mtoto aliyeugua koo au vidonda vya ngozi wiki chache zilizopita, kisha akaamka uso umemvimba na mkojo una rangi ya kola, apelekwe leo, kwani vichujio vya figo zake huenda vimepata uvimbe.

*Nyekundu, au maji yaliyooshea nyama.* Hiyo ni damu mpaka ithibitike vinginevyo. Inaweza kuwa maambukizi ya njia ya mkojo, jiwe la figo, sikoseli, uvimbe wa kibofu au tatizo la figo zenyewe. Damu isiyo na maumivu ndiyo watu huipuuza zaidi, na ndiyo isiyofaa kupuuzwa, hasa kwa mtu aliyevuka miaka 40 au mvutaji wa sigara, kwa sababu saratani ya kibofu huanza hivyo. Hata ikitoka mara moja ikakoma, nenda.

Pwani ya Kenya, Unguja, Pemba na sehemu nyingi za bara, chanzo kinachojulikana sana ni kichocho. Vimelea vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi, hupenya ngozi ya mtu anayeoga, kufua, kuvua au kulima kwenye maji hayo, kisha hukaa kwenye mishipa ya damu inayozunguka kibofu. Mayai yake yenye mwiba hutoboa ukuta wa kibofu, na damu hufuata. Ina alama yake: damu huonekana zaidi kwenye matone ya mwisho ya mkojo. Ziko jamii zilizowahi kuichukulia damu hiyo kwa mvulana kama dalili ya kubalehe, na hivyo kumwacha bila tiba.

Ukienda kupima kichocho, wakati una maana. Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, na hupatikana zaidi kwenye mkojo wa mwisho. Hapa basi ile kanuni ya kukinga wa katikati haifai. Mwulize mtaalamu wa maabara, naye atakuelekeza umalizie kwenye kikopo. Tiba ni prazikwanteli, hutolewa kwa uzito, kwa kawaida miligramu 40 kwa kila kilo, mara moja. Kichocho kisichotibiwa kwa miaka huziba njia za mkojo, huharibu figo na huweza kuzaa saratani ya kibofu. Kwa mwanamke hujeruhi pia njia ya uzazi.

Povu

Mkojo ukianguka kwa kasi kutoka juu hutoa mapovu makubwa yanayopasuka upesi. Hayo hayana neno. La kuangaliwa ni povu jeupe, dogodogo, lililokaa kwa tabaka, lisiloondoka baada ya dakika kadhaa na linalorudi siku baada ya siku. Hilo huashiria protini, hasa ile iitwayo albumini. Figo nzima huizuia albumini isitoke kwenye damu; ikionekana kwenye mkojo kwa wingi, vichujio vimeanza kuvuja.

Jambo hili ni la kale. Maandishi ya Hipokrate wa Ugiriki yalikwisha kuhusisha mapovu juu ya mkojo na ugonjwa mrefu wa figo. Mwaka 1827 daktari Richard Bright wa Guy's Hospital, London, alichapisha habari za wagonjwa waliovimba miili, na alieleza namna ya kuwapima kwa kijiko na mshumaa: mkojo ukipashwa moto kijikoni, wenye albumini huganda na kuwa mweupe, kama ute wa yai kikaangoni. Walipofariki na kupasuliwa, figo zao zilikutwa zimeharibika.

Wewe huhitaji mshumaa. Povu likidumu kwa siku kadhaa, au likifuatana na kuvimba uso asubuhi na miguu jioni, omba kipimo cha protini. Mjamzito asisubiri hata siku hizo. Baada ya wiki ya 20, presha ya 140/90 au zaidi pamoja na protini kwenye mkojo ni kifafa cha mimba kinachonyemelea, na ndiyo sababu mkojo na presha hupimwa kliniki. Mama anayeruka mahudhurio kwa kuwa anajisikia vizuri anajinyima ulinzi huo. Kuumwa sana kichwa, kuona ukungu au maumivu ya juu ya tumbo ni safari ya hospitali saa hiyohiyo.

Kiasi, na saa za usiku

Ukitaka kujua kiasi, chukua dumu au chupa ya lita, amka, kojoa mara ya kwanza chooni, kisha kusanya kila unaokuja mpaka na ule wa kuamkia kesho yake. Mtu mzima akipata chini ya mililita 400 kwa saa 24, hali ni mbaya. Akivuka lita 3 bila kuwa mnywaji mkubwa wa maji, kuna la kuchunguza.

Mkojo mwingi unaofuatana na kiu isiyokatika, kukonda na uchovu ni wito wa kupima kisukari. Sukari ikizidi kwenye damu, figo hushindwa kuirudisha yote, nayo hutoka ikivuta maji. Ndiyo asili ya zile habari za sisimizi kukusanyika palipokojolewa. Usingoje sisimizi, kipimo cha sukari ni tone moja la damu.

Kuamka mara moja usiku si ajabu. Mara tatu au nne kila usiku, kwa mtu ambaye zamani hakuwa hivyo, kunaweza kutokana na kisukari, moyo, dawa za presha, au figo zilizopoteza uwezo wa kubana maji. Kwa mwanamume mtu mzima, kama mkojo pia unachelewa kuanza, unatoka kwa nguvu ndogo na kubaki matone, ni wakati wa kupima tezi dume. Mkojo unaoshindwa kutoka hurudi nyuma na kuziharibu figo. Mtoto mwenye sikoseli anayekojoa kitandani asichapwe wala kuaibishwa: figo za wagonjwa hao mara nyingi haziwezi kubana maji, hivyo hukojoa mkojo mwingi na kukauka maji upesi kuliko wenzao.

Kwa mtoto mchanga, hesabu nepi. Akishavuka siku za mwanzo, anatakiwa aloweshe angalau 6 kwa siku. Mtoto mdogo anayeharisha, ambaye nepi yake imebaki kavu kwa muda wa saa 6 hadi 8, analia bila machozi na utosi umebonyea, asisubiri kupambazuke.

Kuungua na harufu

Mkojo wenye ukungu, unaochoma, unaokuja kila mara kwa matone na wenye harufu kali usiyoizoea mara nyingi ni maambukizi ya njia ya mkojo, ile watu wanayoiita U.T.I. Harufu peke yake haitoshi, kwani mkojo uliokolea hunuka zaidi hata bila ugonjwa. Kosa kubwa mitaani ni kununua antibayotiki za siku mbili dukani bila kupima. Maambukizi hunyamaza, yakarudi sugu. Yakifuatana na homa, kutetemeka na maumivu ya ubavuni chini ya mbavu, yameshapanda kwenye figo.

Mkojo mweupe unaodanganya

Turudi kwenye lile la mwanzo. Figo zinapochoka, moja ya kazi zinazoshindwa mapema ni kukoleza mkojo. Matokeo yake mtu hukojoa mwingi, mwepesi, wa rangi ileile iliyopauka usiku na mchana, naye hujipongeza kwa kunywa maji. Mwenye kisukari kisichotibiwa naye hukojoa mweupe. Wote wawili wangepata alama nzuri kwenye chati ya rangi.

Kwa hiyo, anayehitaji kupimwa figo asitegemee macho. Watu hao ni wenye presha, wenye kisukari, wenye VVU, wenye sikoseli, waliowahi kupata kifafa cha mimba, wenye ndugu wa damu aliyeugua figo, na wanaomeza dawa za maumivu mara kwa mara. Wapime walau mara moja kwa mwaka vitu vifuatavyo.

*Stripu ya mkojo.* Ni ukanda mwembamba wa plastiki wenye visanduku vidogo vya rangi. Mtaalamu huuzamisha mara moja, hukung'uta ukingoni mwa kikopo, kisha husoma kwa saa: sukari baada ya sekunde 30, protini na damu baada ya 60, chembe nyeupe baada ya dakika 2. Kisanduku cha protini huwa cha njano. Kikigeuka kijani, protini ipo, na kadiri kijani kinavyokolea ndivyo ilivyo nyingi. Una haki ya kuuliza ulichoandikiwa. Wala usibugie chupa nzima ya maji ili upate mkojo upesi, kwa sababu mkojo uliochujuka sana huweza kuificha protini.

*Uwiano wa albumini na kreatinini.* Huo hunasa uvujaji mdogo ambao stripu huukosa. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni kawaida. Mkojo wa kuamkia ndio unaofaa hapa.

*Kreatinini ya damu.* Kutokana nayo hukadiriwa kasi ya figo kuchuja. Ikikaa chini ya mililita 60 kwa dakika kwa miezi 3 au zaidi, huo ni ugonjwa sugu wa figo. Chini ya 15, figo zimefeli. Usiridhike na kuambiwa kreatinini ni ya kawaida. Omba makadirio hayo yaandikwe, maana kreatinini inaweza kuonekana nzuri mpaka karibu nusu ya uwezo wa figo upotee.

*Presha na sukari.* Hizi ndizo sababu kubwa za figo kufeli, na zote mbili zina dawa.

Wakati huohuo punguza kinachoziumiza. Diklofenaki na ibuprofeni hupunguza damu inayofika kwenye figo. Kuzimeza kila siku kwa mgongo au magoti, au kuzimeza ukiwa umekauka maji kwa kuharisha, ni kuziweka figo pabaya. Dawa za mitishamba zisizojulikana kilichomo nazo zimo. Mimea ya jamii ya aristolokia, kwa mfano, imethibitika kuua figo.

Usisubiri kesho

Nenda hospitali leo ukiona lolote kati ya haya: damu kwenye mkojo; mkojo mweusi au wa kola pamoja na homa, macho ya manjano au misuli kuuma; saa 12 bila mkojo kwa mtu mzima; kushindwa kukojoa huku kibofu kimejaa; homa na maumivu ya ubavu; uso na miguu kuvimba ghafla; au mjamzito mwenye kichwa kinachouma na miguu iliyovimba.

Figo zikishafeli, mgonjwa hufungwa kwenye mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki, takriban saa 4 kila mara, au hutafuta mtu wa kumpa figo. Tanzania imekuwa ikipandikiza figo tangu 2017, ilipoanza katika Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, lakini wanaosubiri ni wengi kuliko wanaopata. Stripu ya mkojo ni nafuu kuliko siku moja ya hayo yote. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Kama una presha au kisukari na hukumbuki mara ya mwisho kupimwa mkojo, usiiache wiki hii ipite: nenda zahanati iliyo karibu nawe na uombe kikopo.